Usiseme «Ni uzee tu»



Katika ukurasa huu tunasoma kila mara habari za kaske, za viatu vya kazi, za miwani, za kamba ya kujifunga mtu anapopanda juu. Ni vizuri, tuendelee. Lakini kuna ajali moja ambayo kaske haizuii. Inampata mtu akiwa kitandani, ao mezani kwa chakula, ao kanisani. Inampata mara nyingi akiwa amepita miaka 50, wakati watoto wake wa mwisho hawajamaliza masomo, na yeye mwenyewe anahesabu miaka inayobaki mbele ya pansiyo. Mkono unaanguka, mdomo unaenda upande, maneno hayatoki tena. Ao kifua kinabanwa na moyo unasimama. Kiisha maziko watu wanasema: «Ni uzee tu. Siku yake ilifika.»

Mimi si dokta. Mimi ni asistan wa dokta. Ndimi ninayekufunga kile kitambaa mkononi, ninakipuliza, na kusoma namba za tansiyo. Kwa kazi hiyo nasikia maneno ya watu kila siku, na nimeona ya kwamba kuna maneno manne yanayotuzuru sana katika kambi zetu. La kwanza ni hilo: «Ni uzee tu.» La pili: «Mimi sisikii maumivu.» La tatu: «Wamemroga.» La nne watu wanalisema kwa sauti ndogo: «Nikipimwa, wataniondoa kazini.»

Leo nataka kuyajibu yote manne. Matatu ya kwanza nitawajibu ninyi ndugu zangu. La nne nitalijibu pamoja na wakubwa wa kazi, maana hapo si mfanyakazi peke yake mwenye kupaswa kubadilika.

KAUCHU INAPOGEUKA CHUMA

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Kila mtu wa mine anajua pompi. Moyo ni pompi. Unapiga karibu mara 70 kwa dakika, ni kusema mara 100.000 kwa siku moja, bila siku ya mapumziko, bila konje.

Mshipa mkubwa unaotoka katika moyo waganga wanauita aorta. Mshipa huo haufanani na tiyo la chuma. Unafanana na kauchu nzuri. Moyo ukisukuma damu, mshipa unapanuka na kupokea msukumo. Moyo ukipumzika, mshipa unarudi polepole na kuipeleka damu mbele. Hivi damu inafika katika ubongo na katika mafigo kwa upole, kama maji ya mto. Haifiki kama nyundo.

Lakini kauchu inachoka. Ndani ya ukuta wa mshipa mna nyuzi zinazovutika, ambazo mwili unazitengeneza hasa wakati wa utoto. Zinavutwa na kuachwa, zinavutwa na kuachwa, mara 100.000 kila siku. Miaka 40 ao 50 ikipita, nyingi zimekatika, na mwili hauwezi kuzirudisha kama zile za kwanza. Mahali pake panaingia nyuzi ngumu, na chokaa. Kauchu inaanza kugeuka tiyo la chuma.

Fundi wa pompi anajua kinachofuata. Ukifunga maji kwa gafula katika tiyo la chuma, unasikia pigo, tiyo lote linatetemeka, na siku moja kifungo kinalegea. Katika mwili ni vilevile. Kwa kijana mwenye mishipa laini, pigo la moyo linasafiri katika ukuta wa mshipa kwa mwendo wa metre 5 ao 6 kwa segonda. Mishipa ikiwa imekauka, mwendo unapita metre 10. Pigo linafika kwa nguvu katika mishipa midogo ya ubongo na ya mafigo, nayo haikuumbwa kwa kupigwa hivyo. Na moyo, kwa kuwa unasukuma juu ya ukuta mgumu, nyama yake inanenepa, halafu inachoka.

Ndiyo sababu nasoma namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unasukuma. Ya chini ni nguvu inayobaki wakati moyo unapumzika. Mishipa ikikauka, namba ya juu inapanda, na mara nyingi ya chini inashuka. Mzee akiwa na 170 juu na 75 chini, anafurahi kwa ile ya chini na kusema yuko mzima. Hapana, mzee wangu. Hiyo ni tansiyo ya juu, na hasa ni alama ya mishipa iliyokauka.

Kuna pia ubaya wa pili, ambao ni ndugu wa ule wa kwanza: mafuta mabaya yanashika ndani ya mshipa kama kutu ndani ya tiyo, na njia ya damu inakuwa nyembamba. Kutu hiyo ikipasuka, damu inaganda juu yake na kuziba njia. Ikitokea katika mshipa wa moyo, nyama ya moyo inakufa. Ikitokea katika ubongo, mtu anapooza. Ndio ugonjwa ambao lopitali inauita AVC.

NENO LA KWANZA: «NI UZEE TU»

Ni kweli kwamba mishipa ya kila mtu inakauka kidogo na miaka. Mimi sikatai. Lakini kauchu mbili zilizonunuliwa siku moja hazichoki pamoja. Ile iliyowekwa juani, penye mafuta na msukumo mkubwa, inapasuka mbele. Ile iliyotunzwa inafanya kazi miaka mingi. Uzee unaleta sehemu yake, na maisha yetu yanaleta sehemu yake. Wanaosema «ni uzee tu» wanaitupia uzee mizigo yote miwili.

Zamani waganga wenyewe walikuwa wanasema hivyo. Mchukue Franklin Roosevelt, prezidenti wa Marekani katika vita ya pili ya dunia, wakati urani ya Shinkolobwe yetu ilipovukishwa bahari kwenda kwake. Mwaka 1941 tansiyo yake ilikuwa 188 juu ya 105. Mwaka 1944 dokta wake aliwaambia watu wa magazeti kwamba kwa mtu wa umri wake afya ilikuwa nzuri. Tarehe 12 aprili 1945 alishika kichwa kwa maumivu makali akiwa ameketi kitini, tansiyo ikapimwa 300 juu ya 190, na siku hiyohiyo akafa kwa damu iliyopasuka ubongoni. Alikuwa na miaka 63. Mtu aliyekuwa na waganga wote wa inchi yake hakupona, kwa sababu wakati ule hawakuwa na dawa nzuri, na wengi waliamini kwamba tansiyo inapanda kwa uzee kama vile nywele zinavyokuwa nyeupe. Kidonge cha kwanza kilicho chepesi kwa mgonjwa, kile cha kukojolesha maji na chumvi, kilitoka mwaka 1958. Leo dawa ziko. Sisi hatuna udhuru aliokuwa nao Roosevelt.

Tena tuangalie karibu na kwetu. Huko Kenya, waganga walifuata Wajaluo waliotoka vijijini upande wa ziwa Victoria wakaenda kukaa Nairobi, wakawalinganisha na ndugu zao waliobaki kijijini. Mambo hayo yaliandikwa mwaka 1990. Tansiyo ya wale waliokwenda mjini ilipanda mapema, katika miezi yao ya kwanza. Mkojo wao ulikuwa na chumvi nyingi kuliko wa ndugu zao. Hawakuzeeka kwa miezi ile michache. Walibadilisha sahani na maisha. Na sisi je? Wazazi wetu wengi walitoka vijiji vya Kasai, vya Lomami, vya Luapula, wakaja kufanya kazi ya shaba. Walipata mshahara na posho, wakapata pia chumvi, sukari, sigara na usiku bila usingizi.

Na huko Bolivia, katika pori la Amazone, kuna kabila la Watsimane. Wanalima, wanavua, wanawinda, wanatembea saa nyingi kila siku. Mwaka 2017 waganga walitangaza kwamba waliwapiga picha ya mishipa ya moyo. Mtsimane wa miaka 80 alikuwa na mishipa kama ya Mmarekani wa miaka 50 na zaidi kidogo. Uzee ni uleule, mishipa si ileile.

Pengine utasema: «Hayo ni ya vijana, mimi nimekwisha kuzeeka, dawa itanifaa nini?» Sikia hili. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya utafiti juu ya wazee waliopita miaka 80 wenye tansiyo ya juu. Nusu walipewa dawa, nusu walipewa vidonge visivyo na dawa. Kwa wale waliopewa dawa, vifo vilipungua karibu sehemu moja katika tano. Basi kama mtu wa miaka 80 bado anafaidika, wewe wa miaka 48 unangoja nini?

NENO LA PILI: «SISIKII MAUMIVU»

Wazee wanasema: dalili ya mvua ni mawingu. Ndugu, tansiyo ni mvua isiyo na mawingu. Mtu anaweza kutembea miaka 10 na tansiyo ya 180, anafanya kazi, anacheza muziki, anabeba gunia, na hasikii kitu. Wengine wanangoja kichwa kiume, ndipo waje kupimwa. Siku nyingine kichwa hakiumi mpaka siku ya kuanguka. Kichwa chako si manometri. Manometri ni kile chombo kilicho dispanseri.

Namba nzuri ni karibu 120 juu ya 80. Ikifika 140 juu ya 90, ao ikipita, na ikaonekana hivyo siku mbalimbali, ni tansiyo ya juu. Usije mbio ukitokwa jasho na kuniambia «pima». Keti dakika 5, mgongo juu ya kiti, miguu chini, mkono juu ya meza, usiongee. Nusu saa mbele ya kupimwa usivute sigara wala usinywe kahawa. Na kama mkono wako ni mnene, uliza kitambaa kikubwa. Kitambaa kidogo kinadanganya.

Sasa, ni nini kinachokausha mishipa upesi?

Chumvi. Shirika la Afya Duniani, lile tunaloita OMS, linasema mtu mzima asipite grame 5 kwa siku, ni kijiko kimoja kidogo cha chai, na hesabu hiyo ni ya vyote: chumvi ya sombe, chumvi ya makayabu, na ile iliyojificha katika vile vipande vya kutia mchuzi ladha vinavyouzwa katika karatasi. Mama, sikuombi upike chakula kisicho na ladha, maana najua bwana atakataa kula. Loweka makayabu usiku mzima, ubadilishe maji mara mbili tatu. Ukitia kipande cha mchuzi, usitie tena chumvi. Ondoa chumvi juu ya meza. Tia kitunguu, nyanya, pilipili, ndimu. Maharagwe, matembele, ndizi na avoka vinasaidia kuitoa chumvi mwilini. Ila mwenye ugonjwa wa mafigo amuulize dokta kwanza.

Sigara. Kila sigara inabana mishipa na kuharibu ngozi yake ya ndani. Aliyeacha anafaidika upesi: mwaka mmoja tu ukipita, ile hatari ya moyo iliyoongezwa na sigara imepungua karibu nusu.

Pombe. Bia nyingi zinapandisha tansiyo, na lutuku vilevile. Anayekunywa kila siku ya mshahara mpaka kulala njiani asishangae namba.

Tumbo na sukari. Zamani kazi ya mine ilikuwa ya koleo na mgongo. Siku hizi wengi wetu tunaketi: dreva wa kamyo kubwa katika karyeri anaketi posti nzima, mtu wa kuangalia mashini anaketi vilevile. Lakini tunakula bukari kama yule wa koleo. Tumbo linatoka, sukari inapanda katika damu, na sukari inafanya ukuta wa mshipa kuwa mgumu. Tembea kwa miguu nusu saa kila siku. Si lazima kucheza mpira.

Mambo ya kazi yenyewe. Haya nayo tuyaseme wazi. Kelele kubwa ya konkaseri na ya mashini inaamsha moyo hata kama umeizoea. Kinga ya masikio inalinda masikio na mishipa pia. Vumbi na moshi wa risasi, yule plombe, inapandisha tansiyo; nawa mikono mbele ya kula, na usirudi nyumbani na nguo za kazi. Posti za usiku zinavuruga usingizi. Na mwaka 2021 OMS pamoja na Shirika la Kazi la Kimataifa walitangaza kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 ao zaidi kwa juma, hatari yake ya AVC inazidi kwa 35 kwa 100, ukimlinganisha na anayefanya saa 35 mpaka 40. Saa za ziada zinaleta feza, ni kweli. Lakini ujue zinalipwa kwa kitu gani.

Na ninyi mama, msiseme tansiyo ni ugonjwa wa wanaume wa mine. Mwanamke akiisha kuacha kuona mwezi, mishipa yake inakauka kwa haraka zaidi. Na aliyepata tansiyo wakati wa mimba, hata kama ilishuka kiisha kuzaa, apimwe kila mwaka maisha yake yote, maana hatari yake haikuisha siku ile ya kuzaa.

Neno moja juu ya dawa. Mtu anakunywa vidonge mwezi mmoja, namba inashuka, anasema: «Nimepona,» anaacha. Hukupona. Dawa ndiyo iliyoshika namba chini, kama freni inavyoshika gari mtelemkoni. Ukiondoa mguu, gari linaondoka. Vidonge vinavyotufaa sisi Waafrika vinajulikana. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa katika inchi 6 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, juu ya kuchanganya dawa mbili. Mchanganyo wenye amlodipine ndani yake, pamoja na kidonge cha kukojolesha ao pamoja na dawa nyingine, ulishinda ule usio nayo. Lakini usiende kununua vidonge sokoni kwa sababu jirani anavinywa. Dokta ndiye mwenye kuchagua, na ukivimba miguu ao ukiona kizunguzungu, rudi useme. Usiache dawa kimyakimya.

NENO LA TATU: «WAMEMROGA»

Hapa nasema kwa heshima, kwa sababu neno hili linasemwa na watu wenye uchungu. Mtu alilala mzima, asubuhi hawezi kusimama, mdomo umepinda, anatoa sauti isiyoeleweka. Lazima familia iulize: kwa nini yeye? Kwa nini leo? Na mara nyingi jibu linatafutwa ndani ya nyumba. Wanamtazama bibi yake. Wanamtazama shangazi mzee mwenye macho mekundu. Siku hizi, jambo la aibu, wanamtazama hata mtoto, hasa yatima aliyekuja kulelewa. Mtoto anafukuzwa, analala sokoni. Mgonjwa hakupona kwa hiyo, na nyumba imepata maiti wawili badala ya mmoja.

Nawauliza ninyi wenye akili: mtoto gani alipandisha namba za baba mpaka 200? Shangazi gani alitia chumvi katika damu yake miaka 20? Ile namba ilikuwa inapanda tangu zamani, ila hakuna aliyeitazama. Tukipima watu mapema na kuandika namba katika karte zao, siku ya msiba tutaweza kuwaonyesha ndugu: tazameni, ugonjwa ulianza mwaka fulani, ulipanda hivi na hivi. Karte iliyoandikwa vizuri inaweza kumwokoa mgonjwa, na inaweza kumwokoa mtoto asiye na kosa.

Tena bulozi unakula saa. Mtu akipooza, kila dakika sehemu ya ubongo inakufa. Fanyeni hivi. Mwambieni acheke: je, mdomo unaenda upande? Mwambieni ainue mikono yote miwili: je, mmoja unaanguka? Mwambieni aseme jina lake: je, maneno yanachanganyika? Ikiwa ndiyo hata kwa moja, mpelekeni lopitali saa ileile, hata usiku, na kumbukeni ilikuwa saa ngapi ilipoanza. Msimpe chakula wala kinywaji, maana anaweza kupaliwa. Msimchanje, msimpe vidonge vya tansiyo vya jirani. Na mwenye maumivu ya kifua yanayobana kama jiwe, yanayopanda shingoni ao kushuka mkono wa kushoto, pamoja na jasho baridi, naye apelekwe upesi vilevile. Maombi yanaweza kufanywa njiani.

NENO LA NNE: «WATANIONDOA KAZINI»

Sasa nafika kwa lile la sauti ndogo. Najua kuna watu wanaokimbia kitambaa changu. Siku ya vizite wanasema wana kazi ya haraka. Wengine wanaazima vidonge vya ndugu na kuvinywa siku tatu mbele ya kuja, ili namba ishuke. Hawafanyi hivyo kwa ujinga. Dreva wa mashini kubwa anaogopa kuwekwa kazi ya kufagia. Mtu wa chini ya udongo anaogopa kupoteza primi yake. Ana watoto 7 na nyumba ya kulipia. Kati ya kifo cha kesho kisichoonekana na mshahara wa leo unaoonekana, anachagua mshahara. Wewe ungefanya nini?

Kwa hiyo nawaambia wakubwa wa kazi, makapita na mashefu wa ekipi, kwa heshima yote: tukimwadhibu mtu kwa sababu ya namba yake, tutapata namba za uongo. Na namba ya uongo inaendesha kamyo ya tani 100 katika mtelemko. Ni heri dreva mwenye tansiyo inayojulikana, anayekunywa dawa kila siku na kupimwa kila mwezi, kuliko dreva ambaye tansiyo yake haijulikani na mtu. Mtu ambaye namba yake imeshuka kwa dawa, na dokta amekubali, abaki katika kazi yake. Anayepaswa kupumzika kwa muda, apumzike na primi yake isikatwe mpaka dokta atakaposema. Na namba za mtu ni siri ya dispanseri. Kapita hapaswi kuzijua wala kuzitangaza mbele ya ekipi.

Naomba pia jambo hili: kila mtu aliyetimiza miaka 40 apimwe tansiyo walau mara moja kwa mwaka, hata kama hana ugonjwa, na bibi yake apimwe pamoja naye. Na mzee aliyeingia pansiyo asifungiwe mlango. Mishipa haisomi barua ya pansiyo. Wakati anapoacha kazi ndipo inapoanza kumdai, na kidonge cha kila siku ni gali kwa mtu asiye na mshahara. Mtu aliyetoa miaka 30 anastahili kitambaa na kidonge.

Na ninyi ndugu wafanyakazi, msitumie kosa la wakubwa kama sababu ya kujificha. Tansiyo haitakuuliza kama kapita alikuwa mtu mwema. Njoo upimwe. Njoo na bibi yako, ao bibi aje na wewe kwa nguvu. Uliza namba yako, uiandike, uikumbuke kama unavyokumbuka matrikili yako. Kama iko nzuri, tutafurahi pamoja na kuonana mwaka kesho. Kama iko juu, tutaanza kazi leo, wakati kauchu bado ni kauchu.